Kulinganisha maisha ya walowezi wa Marekani na maisha ya leo: watoto waanze na kazi, si na vifaa

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Ninawasaidia watoto wa darasa la tatu na la nne katika masomo ya baada ya shule huku Iowa, na wengi wao wanatoka katika familia za Wakongo na Warundi ambazo bado zinazungumza Kiswahili nyumbani. Kila mwaka shule zao hufikia somo la walowezi, yaani watu waliohamia nyanda za kati na magharibi mwa Marekani katika karne ya 19, na kila mwaka watoto huja na karatasi yenye jedwali la safu mbili: upande mmoja zamani, upande wa pili leo. Mshumaa na taa ya umeme, kisima na bomba, gari la maksai na gari la petroli. Mtoto akishajaza visanduku vyote, kazi imekwisha.

Nauleta uzi huu kwa kuwa naamini kwamba mtoto huyo hajalinganisha chochote. Ameorodhesha vifaa, na kutoka katika orodha hiyo anajifunza jambo moja tu, kwamba watu wa zamani walikuwa na shida na sisi tuna nafuu. Kulinganisha kwa kweli kunaanza pale mtoto anapoulizwa kazi gani ilifanywa, nani aliifanya, ilichukua muda gani, ilihitaji maarifa gani, na kazi hiyo imekwenda wapi leo. Maji hayaji yenyewe bombani; kuna watu, mitambo na bili. Mtoto akiliona hilo, ameanza kuuelewa wakati wake mwenyewe, na si wa walowezi peke yake.

Niweke kwanza msingi wa historia, kwa faida ya wazazi ambao hawakusoma mambo haya shuleni kwao. Tarehe 20 Mei 1862 Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria iliyompa mtu ekari 160 za ardhi ya serikali, kwa sharti kwamba aishi hapo miaka mitano, ajenge nyumba na kulima. Ada zote kwa pamoja zilikuwa takriban dola 18. Mwombaji alipaswa kuwa na umri wa miaka 21 au kuwa mkuu wa familia, na kuwa raia au kuwa ametangaza rasmi nia ya kuwa raia. Wanawake wasioolewa na wajane waliruhusiwa kuomba kwa majina yao wenyewe. Sheria ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1863, na mwisho wa yote zilitolewa hati takriban milioni 1.6, ingawa waliojaribu walikuwa wengi zaidi ya hao. Kabla ya sheria hiyo, tangu miaka ya 1840, maelfu kwa maelfu walikuwa wamekwisha kusafiri kwa magari ya maksai kutoka Missouri hadi Oregon na California, mwendo wa takriban kilomita 3,200 uliochukua miezi minne hadi sita.

Sasa nieleze ninavyolifundisha.

Ninaanza na maji. Ninaweka ndoo ya lita 20 mbele ya watoto na kuwaambia kwamba maji yaliyomo yana uzito wa kilo 20, bila kuhesabu ndoo yenyewe. Mlowezi aliyeishi karibu na kijito aliteka hapo. Aliyekuwa mbali alichimba kisima kwa mkono, na katika nyanda za juu za Nebraska maji yalikuwa chini sana, hata baadhi ya visima vikapita mita 50. Kisha nawaambia kwamba mtu mmoja nchini Marekani leo hutumia nyumbani takriban lita 300 kwa siku. Wanagawanya wenyewe: ndoo 15 kwa mtu mmoja, ndoo 75 kwa familia ya watu watano. Halafu nauliza: kama ninyi ndio mngeyabeba, mngetumia ndoo ngapi? Hapo mjadala unawaka, kwa sababu wanaanza kupanga. Maji ya kunywa hayapunguzwi. Ya kuogea yanapunguzwa. Ya kufulia yanangojea siku maalumu. Yaliyooshea vyombo yanamwagiwa mboga. Wanagundua bila kuambiwa kwamba mlowezi hakuwa mchafu wala mzembe alipooga mara chache, bali alikuwa na hesabu.

Katika hatua hii ndipo watoto wetu hung'ara. Baadhi yao walizaliwa au walikulia katika kambi ya Nyarugusu huko Kasulu, Kigoma, na wanajua kubeba dumu kichwani, wanajua ngata inavyosokotwa, wanajua foleni ya bombani inaanza saa ngapi. Wenzao waliozaliwa Marekani wanalazimika kuwauliza. Mtoto aliyekaa kimya wakati wa kujaza jedwali, akiona aibu kwamba "zamani" ya kwenye karatasi inafanana na utoto wake mwenyewe, sasa ndiye mwenye elimu darasani. Nawaomba wazazi msiwafiche watoto historia hiyo ya nyumbani. Inawapa uwezo wa kuona jambo ambalo jedwali linaficha: kwamba zamani na leo si ngazi ambayo dunia nzima ilipanda siku moja.

Baada ya maji nakwenda kwenye safari. Gari la maksai lilikuwa na sanduku la mbao lenye urefu wa takriban mita 3 na upana wa mita 1.2. Nachora kipimo hicho sakafuni kwa utepe, na watoto wanaingia na kusimama ndani. Mzigo uliofaa ulikuwa karibu tani moja, kwani ukizidi maksai wanachoka na kufa njiani. Unga peke yake ulihesabiwa hadi kilo 90 kwa mtu mzima, na bado nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi, maharagwe, kahawa, sukari, zana, matandiko na mbegu. Watoto wanajaza gari lao kwa karatasi zilizoandikwa uzito, na kila mara wanafikia hitimisho ambalo vitabu vya picha havilisemi vizuri, kwamba ndani ya gari hapakuwa na nafasi ya watu. Watu wengi, watoto wakiwemo, walitembea kwa miguu.

Kisha wanalinganisha mwendo. Barabara kuu namba 80 inakata jimbo la Nebraska kutoka mashariki hadi magharibi, takriban kilomita 730, na kwa sehemu kubwa inafuata bonde lile lile la mto Platte lililofuatwa na misafara. Gari la leo linamaliza kwa saa saba. Maksai walitembea takriban kilomita 24 kwa siku, kwa hiyo umbali huo ni mwezi mmoja. Siishii hapo, kwa sababu tofauti ya mwendo bado ni orodha tu. Nauliza: nani alipanga siku ya kuondoka? Jibu ni nyasi. Misafara iliondoka Aprili au Mei, kwa sababu mapema zaidi maksai wangekosa malisho, na kuchelewa kungewakutanisha na theluji milimani. Jiwe moja kubwa huko Wyoming linaitwa Independence Rock, na wasafiri walitamani kulifikia kufikia tarehe 4 Julai; aliyelifikia baadaye sana alikuwa na sababu ya kuogopa. Basi mtoto anajiuliza, safari ya familia yetu mwaka huu ilipangwa na nini? Na likizo ya shule, na ruhusa ya kazini kwa baba, na bei ya tiketi. Huko ndiko kulinganisha.

Nitaendelea na nyumba, magonjwa na shule. Kwa sasa nakaribisha michango.

Mchangiaji, Minnesota

Mwalimu, shukrani kwa uzi huu. Mimi ni baba wa watoto watatu, na naomba nitofautiane nawe kidogo. Mwalimu wa darasani ana watoto zaidi ya 20 na muda mchache, wakati wewe una kundi dogo. Jedwali la safu mbili linamsaidia mtoto ambaye Kiingereza chake bado ni kichanga, kwani anaona picha, anaandika neno moja, anafanikiwa. Ukimwondolea jedwali ukamwambia ajadili, atabaki nyuma.

Mleta uzi

Ndugu, hoja yako ni ya kweli, na sisemi jedwali lichanwe. Nasema liongezewe safu. Badala ya "mshumaa" na "taa", mtoto aandike hitaji katikati, yaani mwanga wa usiku, kisha kila upande ajibu nani anafanya kazi na ni kazi gani. Upande wa zamani: mama na watoto waliyeyusha mafuta ya ng'ombe na kuchovya nyuzi mara nyingi hadi mshumaa ukanenepa. Upande wa leo: mtambo wa umeme, nguzo, fundi, bili ya mwezi. Maneno ni machache, na mtoto mwenye Kiingereza kichanga anaweza kuchora. Kwa kweli kuchora kunafaa zaidi, maana mtoto akichora taa peke yake ukutani unaweza kumuuliza waya unakwenda wapi.

Kuhusu lugha, liko jambo ambalo watoto wetu hufurahi sana wakilijua. Wengi wa walowezi wa Nebraska, Iowa, Minnesota na Dakota walikuwa wahamiaji kutoka Ujerumani, Sweden, Norway na Bohemia. Watoto wao waliingia shule ya chumba kimoja bila Kiingereza, wakakaa pamoja na wenye umri wa miaka 6 hadi 16, chini ya mwalimu mmoja ambaye mara nyingi alikuwa msichana asiyezidi wanafunzi wake wakubwa kwa miaka mingi. Waliandika kwenye kibao cha jiwe kwa sababu karatasi ilikuwa ghali, na walikariri kwa sauti kwa sababu vitabu vilikuwa vichache. Jioni waliwasomea wazazi wao barua za Kiingereza. Mtoto wa Kirundi anayemtafsiria mama yake barua ya shule anaijua kazi hiyo barabara.

Niendelee na nyumba. Katika nyanda zisizo na miti, mlowezi hakuwa na mbao, na mbao za kununua zilikuwa ghali na mbali. Alilima tabaka la juu la ardhi kwa plau maalumu, akakata vipande vya udongo uliofungamana na mizizi ya nyasi, upana wa takriban sentimita 30 na urefu wa sentimita 60 hadi 90, akavipanga kama matofali. Mizizi ile ndiyo iliyoushika udongo. Kuta zilikuwa nene, zikawa na ubaridi wakati wa joto na zikahifadhi joto wakati wa baridi. Paa lilivuja, hata siku mbili baada ya mvua kwisha, na wadudu na nyoka walidondoka kutoka juu, ndiyo maana familia nyingi zilitandaza kitambaa chini ya dari. Mpiga picha Solomon Butcher alizunguka Custer County, Nebraska, tangu mwaka 1886 akipiga picha za familia mbele ya nyumba hizo, na picha zake zimehifadhiwa na zinapatikana kwa urahisi. Waonyesheni watoto picha mojawapo na kuwaacha waitazame kimya. Wataona kwamba familia ilitoa nje vitu ilivyovithamini, farasi, kinanda, ng'ombe, ili vionekane pichani. Muulize mtoto: ninyi mngetoa nini nje?

Kuhusu kuni, hapakuwa na kuni. Watoto walikusanya kinyesi kikavu cha nyati wa nyanda hizo, baadaye cha ng'ombe, wakachoma pia magunzi ya mahindi na nyasi zilizosokotwa. Moto wa nyasi huisha upesi, kwa hiyo mtu mmoja alikuwa na kazi ya kusokota na kutia motoni muda wote wa kupika. Watoto wa Nyarugusu hawashangai.

Mchangiaji, Kansas

Mwalimu, binti yangu alirudi na kitabu chenye picha za walowezi, na wote walikuwa weupe. Aliniuliza kama watu kama sisi walikuwepo. Nilimjibu kwamba walikuwepo ila walikuwa watumwa, na akanyamaza. Ningependa kujua zaidi.

Mleta uzi

Dada, uko katika jimbo lenyewe lenye jibu. Mwaka 1877 Waamerika Weusi waliotoka Kentucky, wengi wao wakiwa watu waliozaliwa utumwani na kuachiwa huru miaka 12 tu kabla, walianzisha mji wa Nicodemus kaskazini magharibi mwa Kansas. Mji huo upo hadi leo, na tangu mwaka 1996 unatambuliwa na serikali kuu kama mahali pa kihistoria. Mwaka 1879 maelfu ya wengine walitoka majimbo ya Kusini kuja Kansas wakikimbia mateso na umaskini uliofuata utumwa.

Willianna Hickman aliyefika Nicodemus mwaka 1878 aliacha simulizi ya siku ile. Msafara ulipokaribia, mumewe alimwonyesha mji, naye hakuona mji wowote, ila moshi unatoka ardhini, kwa kuwa watu waliishi katika mashimo yaliyochimbwa kwenye mtelemko. Alilia. Lakini alikaa. Wanyama wa kukokota plau walikuwa wachache mno, kwa hiyo wengi walivunja ardhi ile ngumu kwa majembe ya mkono. Msomeeni mtoto simulizi hiyo kisha mlinganishe na siku familia yenu ilipofika Marekani: tulitarajia kuona nini, tuliona nini, na nani alitupokea?

Na hapa nataka kukazia jambo moja la kufundishia. Binti yako akiulizwa "walowezi walikuwa na nini?", atajibu maksai na plau. Akiulizwa "walowezi wa Nicodemus walikuwa na nini mwaka wa kwanza, na wale wa mji wa jirani?", atagundua kwamba hata ndani ya zamani moja watu hawakuwa sawa. Swali hilo hilo linamrudisha leo: je, kila mtoto wa darasa lake ana chumba chake, gari nyumbani, kompyuta? Safu ya "leo" katika jedwali inajazwa kana kwamba watu wote wa leo wanaishi nyumba moja. Hata umeme haukuingia kwa wote pamoja. Katikati ya miaka ya 1930, wakati miji ya Marekani ilikuwa imekwisha kuzoea taa, karibu shamba moja tu kati ya kumi lilikuwa na umeme, na ilibidi serikali ya Rais Franklin Roosevelt iunde chombo maalumu mwaka 1935 cha kupeleka nyaya mashambani. Bibi mzee wa Iowa aliyezaliwa miaka hiyo alisoma kwa taa ya mafuta ya taa, wala hakuwa mlowezi.

Mchangiaji, Nebraska

Naomba niulize jambo linalonisumbua. Ardhi ile ilikuwa na wenyewe. Mtoto wangu ana miaka minane. Je, nimweleze kwamba watu walifukuzwa, au nimwachie mpaka akue? Naogopa kumtia chuki dhidi ya wenzake darasani.

Mleta uzi

Kaka, umeuliza swali ambalo ndilo kiini cha somo hili, nami nitalijibu kwa kirefu.

Ninaamini mtoto wa miaka minane anaelewa kikamilifu maana ya kuondolewa mahali pake. Watoto wetu wengi wanaelewa kuliko walimu wao. Hofu ya chuki naiheshimu, na dawa yake ni kusimulia habari ya watu halisi kwa majina na matendo yao, bila kulipaka kabila au rangi nzima. Mwaka 1877 serikali iliwahamisha Waponca, kabila mojawapo la wenyeji wa asili wa Marekani, kutoka ardhi yao kando ya mto Niobrara, katika jimbo hilo unaloishi, na kuwapeleka kusini, eneo ambalo sasa ni Oklahoma. Wengi walikufa. Chifu Standing Bear alifiwa na mwanawe, ambaye aliomba azikwe katika ardhi ya wazee wake. Januari 1879 Standing Bear alianza safari ya kurudi akiwa na mwili wa mwanawe na watu takriban 30, katikati ya baridi kali. Alikamatwa. Kesi ikasikilizwa Omaha, na mwezi Mei mwaka huo jaji Elmer Dundy aliamua kwamba Mhindi Mwekundu, kama wenyeji hao walivyoitwa, ni mtu mbele ya sheria, na kwamba hakuna mamlaka ya kumshikilia. Katika habari hiyo wamo weupe waliomfukuza na weupe waliomtetea mahakamani. Mtoto hatamchukia mwenzake kwa kuisikia. Ataelewa kwamba watu walikuwa na hiari ya kutenda, na walitenda tofauti.

Kisha kuna ulinganisho ambao hauwezekani bila wenyeji hao. Wapawnee wa Nebraska walikuwa wakulima wa mahindi, maharagwe na maboga muda mrefu kabla ya plau ya kwanza, waliishi katika nyumba kubwa za mviringo zilizofunikwa kwa udongo, na kila mwaka walikwenda kuwinda nyati. Nyati walikuwa mamilioni kwa mamilioni. Mwishoni mwa miaka ya 1880 walikuwa wamebaki chini ya elfu moja, baada ya wawindaji wa ngozi na reli kuingia. Kwa hiyo mtoto anapoandika "walowezi walichoma kinyesi cha nyati", aulizwe nyati wale walikuwa wa nani katika maisha ya nani, na walikwenda wapi. Na anapoandika "ekari 160 kwa dola 18", aulizwe serikali iliipata wapi ardhi ya kugawa. Haya si maswali ya kisiasa yaliyochomekwa katika somo la watoto. Ni hesabu ile ile ya ndoo: kila kitu kilichofika mkononi mwa mtu kimetoka mahali.

Kwa walio karibu na Des Moines, kuna makumbusho ya wazi huko Urbandale yanayoitwa Living History Farms. Uzuri wake ni kwamba yana mashamba yanayofuatana kwa zama: shamba la Waioway, wenyeji wa asili wa eneo hilo, la mwaka 1700, la walowezi la 1850 lenye maksai, na la 1900 lenye farasi. Mtoto anatembea kutoka moja hadi jingine na kuona mahindi yanalimwa kwa namna tofauti. Jimbo limepata jina lake kutoka kwa Waioway, na wazao wao leo wako Kansas, Nebraska na Oklahoma, jambo ambalo mtoto anapaswa kuambiwa akiwa amesimama pale pale shambani, asije akadhani kwamba watu hao waliisha.

Mchangiaji, Minnesota

Mwalimu, umetaja magonjwa mwanzoni na hukuyarudia. Pia naomba neno kuhusu baridi, maana watoto wetu huku ndiyo wanayoijua.

Mleta uzi

Ni kweli, ndugu. Magonjwa kwanza, kwa kifupi. Watu wengi wanadhani hatari kubwa ya safari ilikuwa kushambuliwa. Muuaji mkubwa alikuwa kipindupindu, hasa kuanzia mwaka 1849, na baada yake ajali: kuzama mitoni, bunduki kufyatuka, mtoto kuanguka chini ya gurudumu. Misafara ilipiga kambi mahali pale pale kando ya Platte, msafara baada ya msafara, choo na maji ya kunywa vikawa karibu, na hakuna aliyejua kwamba ugonjwa unakaa ndani ya maji. Mwaka 1854 ndipo daktari John Snow alipoonyesha huko London jinsi wagonjwa walivyoizunguka pampu moja ya maji, na hata hapo dunia ilichelewa kumwamini. Tofauti kubwa hapa kati yetu na msafiri wa 1850 ni maarifa, na maarifa hayana picha ya kubandika kwenye jedwali. Hata hivyo maarifa peke yake hayatoshi, kwani kipindupindu bado kinaua mahali ambapo maji safi hayajafika, na wazazi wa Kongo hawahitaji kuambiwa hilo.

Sasa baridi. Tarehe 12 Januari 1888 asubuhi ilikuwa ya joto kuliko kawaida huko Nebraska na Dakota, na watoto wengi walikwenda shule bila makoti mazito. Dhoruba ya theluji ikashuka ghafla, joto likaporomoka, na mtu hakuweza kuona mkono wake mwenyewe. Takriban watu 235 walikufa, wengi wao watoto waliokuwa wakijaribu kurudi nyumbani kutoka shuleni. Watoto wetu wanaifahamu siku ambayo shule inafungwa kwa sababu ya theluji: ujumbe unaingia kwenye simu ya mama usiku, na asubuhi wanalala. Ninawaomba wafuatilie ujumbe ule nyuma hatua kwa hatua. Nani aliutuma? Nani alimwambia kwamba theluji inakuja? Alijuaje?

Jambo linalowashangaza ni kwamba mwaka 1888 utabiri wa hali ya hewa ulikuwepo. Kitengo cha mawasiliano cha jeshi la Marekani kilikusanya vipimo na kutoa taarifa kwa telegrafu. Lakini waya uliishia mjini na kwenye stesheni za reli, na mwalimu wa shule ya chumba kimoja, kilomita nyingi ndani ya nyasi, hakuwa na waya. Kwa hiyo huwezi kueleza maafa yale kwa kusema kwamba zamani hawakuwa na teknolojia. Walikuwa nayo, na haikufika. Watoto niliowafundisha hulishika jambo hili upesi mno, na wengine huanza wenyewe kutaja mahali ambapo hadi leo taarifa haifiki.

Siifundishi siku hiyo kwa watoto wa darasa la pili kwenda chini, na kwa wakubwa siwaelezi miili ilipatikana vipi. Habari ya walimu waliowazuia watoto ndani na kuchoma chochote kilichoweza kuwaka inatosha kuonyesha uzito wake.

Mchangiaji, Kansas

Swali la mwisho kutoka kwangu, Mwalimu. Nikifanya haya yote nyumbani na binti yangu, nitajuaje kwamba ameelewa, na hakunijibu tu anachojua nataka kusikia?

Mleta uzi

Dada, mpe hitaji ambalo hamkuwahi kulizungumza. Mimi hutumia sabuni. Usimweleze chochote, mwambie tu kwamba mlowezi aliitengeneza kwa maji yaliyochujwa katika majivu, akayachemsha pamoja na mafuta ya wanyama. Kisha mwachie karatasi tupu isiyo na jedwali, na umwombe aandike au achore sabuni ya mlowezi na sabuni ya bafuni kwenu.

Akichora vipande viwili vya sabuni, kimoja kibaya na kimoja kizuri, rudini kwenye ndoo ya maji na mwanze tena taratibu. Akichora moto, majivu, ng'ombe aliyechinjwa, mama anayekoroga sufuria nje kwa sababu ya harufu, na upande wa pili akachora kiwanda, lori, duka na fedha mkononi mwa baba, amekwisha kulinganisha. Na akikuuliza nani anafanya kazi katika kiwanda hicho, na ng'ombe wa leo yuko wapi, mtafutieni jibu pamoja usiku huo huo, kwa sababu hapo ameshatoka kwenye karatasi ya shule na anauliza kuhusu dunia anayoishi.

Kwa wazazi wa Iowa wanaotaka kwenda pamoja Urbandale, tuandikiane hapa hapa kwenye uzi, ili watoto wa madarasa yanayolingana watembee kundi moja na kila kundi liwe na mtu mzima anayejua kuuliza.